Motokari kuukuu yapasuka ngozi



Ni nani kati yetu asiyeijua motokari ya namna hii? Injini yake bado yaitika vema. Kila asubuhi yapeleka watoto masomoni, na jioni yarudi na magunia ya unga. Lakini ukiitazama mwili wake, waona huruma: kapo imefifia kama kitambaa kilichoanikwa mno, paa limejaa nyufa ndogo kama matope yaliyokaushwa na kiangazi, na ubavuni ngozi nyembamba yabanduka vipande vipande.

Hivi karibuni tulimkuta mwalimu mmoja mzee mbele ya garaji, ameshika kofia mkononi, anafikiri. Mpaka rangi alikuwa amemwambia: «Mzee, lete fedha kidogo tu. Nitapulizia vanishi mpya juu ya ile ya zamani, na kesho itang'aa kama bibi arusi.» Fedha hiyo ndiyo aliyoiweka akiba kwa malipo ya shule ya sekondari ya binti yake. Akatuuliza: «Ninyi mwaonaje?» Hatukutaka kumjibu upesi. Tuliizunguka motokari pamoja naye, na yale tuliyomwambia, twawaambia ninyi pia.

Kwanza tujue ngozi hiyo ni nini. Motokari haina rangi moja tu, ina tabaka kadha wa kadha. Chini kabisa, juu ya chuma, ipo rangi ya kuzuia kutu. Juu yake rangi ya msingi. Kisha rangi yenyewe tunayoiona, nyekundu au buluu. Na tangu miaka ya 1980 motokari nyingi zapewa tabaka la mwisho, yaani vanishi isiyo na rangi, yenye kung'aa kama kioo. Tabaka hizo zote pamoja hazipiti sana unene wa karatasi moja au mbili za daftari! Vanishi peke yake ni kama sehemu 40 au 50 za elfu ya milimetri. Hiyo ndiyo inayobeba jua lote na mvua yote.

Adui wa kwanza ni jua. Katika mwanga wake mna mionzi isiyoonekana kwa macho, nayo huvunja polepole viungo vya vanishi. Watengenezaji huchanganya ndani yake dawa ya kuizuia, lakini dawa hiyo hupungua mwaka kwa mwaka. Tena, kadiri mahali palivyo juu, ndivyo mionzi hiyo ilivyo mikali: kila metri 1.000 huongeza kama sehemu 10 kwa mia. Lubumbashi ipo karibu metri 1.200 juu ya bahari, Bukavu karibu metri 1.500, na jua letu hutupiga utosini. Ndiyo sababu paa na kapo huugua kabla ya milango. Kisha chuma hupata moto mchana na kupoa ghafula kwa mvua ya jioni. Hutanuka na kusinyaa. Vanishi iliyozeeka haiwezi tena kukifuata, basi hupasuka. Mavi ya ndege na utomvu wa miti huongeza madhara. Huko Goma majivu ya volkano nayo yana ukali wake: yaoshwe kwa maji mengi, wala yasipanguswe yakiwa makavu, maana hukwaruza kama msasa.

Sasa, kabla ya kutoa hata faranga moja, yafaa kuujua ugonjwa. Osha mahali palipofifia, kisha chukua kitambaa cheupe chenye dawa ya kusugulia rangi, usugue kidogo. Kitambaa kikichukua rangi ya motokari, basi haina vanishi juu, ni rangi moja ya mtindo wa zamani. Hiyo ina bahati: mara nyingi unga wa juu ukiisha kuondolewa, mng'ao hurudi. Kitambaa kisipochukua rangi, vanishi ipo, nayo ikiwa imefifia tu pasipo nyufa, yaweza kusuguliwa pia. Lakini tahadhari! Kila usugu hupunguza unene, nasi tumeona jinsi ulivyo mdogo. Si kazi ya kila mwezi. Baada yake paka nta, ili uilinde ile iliyo nzima.

Vanishi ikiwa imepasuka au inabanduka, habari ni nyingine. Hakuna nta wala dawa iwezayo kuiunganisha tena. Na kupulizia vanishi mpya juu ya iliyokufa ni kujenga nyumba juu ya mchanga: ile ya chini yaendelea kubanduka, nayo yaichukua mpya pamoja nayo. Nyufa zilizofunikwa hutokea tena. Fundi wa kweli hukwangua kwa msasa mpaka afike mahali pazima chini ya ufa, hulainisha kingo mpaka mkono usisikie ngazi, hupaka rangi ya msingi, kisha rangi, kisha vanishi. Akitumia mastiki, huisugua ikiwa kavu, kwa sababu mastiki hunywa maji, na maji huleta kutu. Wala haachi chuma kitupu kilale nje usiku wa masika.

Neno moja zito kwa vijana wanaojifunza kazi hii. Vanishi ya siku hizi huchanganywa na dawa ya kuigandisha, na nyingi katika dawa hizo zina izosianati. Mvuke wake waweza kuleta pumu isiyopona. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu. Yatakiwa kifuniko chenye kuletewa hewa safi kwa mpira. Na rangi ya motokari za zamani sana yaweza kuwa na risasi ndani yake, sumu ya ubongo wa watoto. Basi usikwangue wala kupulizia rangi uani penye kupikia na watoto wanapocheza. Osha mikono kabla ya kula. Mng'ao wa motokari haulingani na pafu la mtoto.

Turudi kwa mwalimu wetu. Tulipopapasa paa lake, tuliona kwamba milango na kapo vilikuwa vibaya kwa macho tu. Rangi ya chini ilikuwa bado imeshika. Lakini juu ya kioo cha mbele, ufa mmoja ulikuwa umefika kwenye chuma, na kutu imeanza kula. Hapo tukamwambia: «Mwalimu, ubaya wa sura wavumilika, kutu haingoji.» Alinunua karatasi za msasa, kopo dogo la rangi ya kuzuia kutu na rangi kidogo. Alikwangua mpaka chuma kikang'aa, akapaka kwa brashi, tabaka kwa tabaka, akingoja kila moja ikauke. Kiraka chaonekana, hatukatai. Lakini maji hayaingii, na binti yake yupo darasani.

Huenda siku moja mwalimu atataka kuiuza. Siku hiyo aonyeshe kiraka chake pasipo kuficha. Afichaye kutu chini ya vanishi ya siku tatu amemwibia mnunuzi, hata kama hakutia mkono katika mfuko wake.

Basi, ndugu, jumapili hii zungukeni motokari zenu, mpapase paa kwa kidole. Wazee walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.