*TAARIFA YA TAWI: TUSIJITOE JUMUIYA, TUIREKEBISHE*



Tangu Jumapili kundi letu linawaka moto: tujitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki au tubaki? Kamati ya Tawi imekaa, na huu ndio msimamo wetu.

Hasira za wenzetu wa mahindi tunazielewa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa hoja ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, ilhali Itifaki ya Soko la Pamoja ipo tangu 2010. Lakini tuseme ukweli: nasi Julai 2025 tulipiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara, majirani wakalalamika.

Kujitoa kunawezekana. Ibara ya 145 ya Mkataba inataka theluthi mbili ya wabunge wote na notisi ya miezi 12. Gharama yake tunaijua. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983, mgawanyo wa mali ukakubaliwa 1984. Wazee wetu wa reli, posta na bandari walihangaikia mafao miaka na miaka, wengine wamefariki wakidai. Deni la namna hiyo halionekani siku ya kupiga kelele. Linakuja kuonekana vitabuni, walioamua wakiwa hawapo.

Leo mama mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anapata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani, anavusha mchele wake bila ushuru wa forodha. Tukijitoa, huyo ndiye wa kwanza kurudi njia za panya.

Kwa hiyo tunataka marekebisho mawili:

*1. Michango.* Ibara ya 143 inaruhusu hatua dhidi ya nchi isiyolipa. Tatizo, Wakuu wa Nchi huamua kwa maafikiano, hivyo mdaiwa naye anakaa kwenye kikao cha kumjadili. Kwenye suala hilo sauti yake isihesabiwe.

*2. Mipaka.* Asiwepo wa kufunga mpaka kwa barua ya usiku mmoja. Itolewe notisi, vipimo vifanywe kwa pamoja, na mzigo ulio njiani upite.

Anayepinga aje kikao cha Jumamosi saa 10 jioni na hoja yake, tuijadili ana kwa ana. Maazimio yatapelekwa Kata.

Imetolewa na:
*Katibu wa Tawi*