Kusahau si Kuroga: Maradhi ya Uzeeni na Wajibu wa Wanakiswahili

Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Methali hii hukaririwa katika madarasa ya fasihi simulizi kote nchini. Hata hivyo, katika baadhi ya maeneo ya Kenya mvi zimegeuka kuwa hati ya mashtaka. Mnamo Mei 2008, watu 11, wengi wao wakongwe, waliteketezwa kwa moto katika eneo la Kisii kwa shutuma za uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa shutuma iyo hiyo. Kaunti ya Kilifi nayo imeshuhudia mauaji ya namna hii kiasi kwamba pana makao huko Godoma, Ganze, yanayowahifadhi wazee waliowakimbia jamaa zao wenyewe. Makala haya yanashikilia kuwa unyama huu, licha ya kuwa jinai, ni suala la afya ya umma na vilevile ni suala la lugha.

Hebu utazamwe ushahidi unaotolewa dhidi ya wazee hawa. Ajuza hukutwa alfajiri katika ua wa jirani, asijue alivyofika. Husema peke yake. Huwaita kwa majina watu waliofariki zamani. Huweza hata kutoka nje usiku akiwa uchi. Kwa jirani mwenye hofu, huyo ni mchawi aliyefumaniwa. Kwa daktari, hizo ni dalili za maradhi ya ubongo, ambayo aina yake iliyoenea zaidi huitwa kwa jina la Alois Alzheimer, tabibu Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 55 wanaishi na maradhi ya jinsi hii, na walio wengi wamo katika nchi za kipato cha chini na cha wastani. Aidha, macho mekundu yanayodaiwa kuwa alama ya mchawi mara nyingi hutokana na miaka mingi ya kupikia kuni katika jiko lisilo na dirisha.

Swali linalowahusu wanakiswahili ni hili: maradhi haya yanaitwaje? Kifafa kina jina. Kiharusi kina jina. Kisukari kina jina ambalo hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Haya ya uzeeni hayana jina lililokubalika. Wapo wanaoandika dimensia, wengine husema ugonjwa wa kusahau, na wengine huridhika na shida ya akili, maelezo yanayoweza kubeba maradhi chungu nzima. Kitenzi piswa kipo, lakini kina harufu ya dharau na hakimtofautishi mgonjwa na mpumbavu. Neno la kitaalamu linapokosekana, neno lililo karibu ndilo hushika nafasi yake, na katika vijiji vingi neno lililo karibu ni uchawi.

Historia ya karibuni inathibitisha jambo hili. Ulipozuka UKIMWI, watu wengi kando ya Ziwa Viktoria waliuita chira, wakiamini kuwa ni adhabu ya kuvunja mwiko. Mgonjwa alionekana mkosaji. Kiswahili kilipopata jina, ugonjwa ukaweza kutajwa katika baraza la chifu, redioni, msikitini na kanisani, na hatimaye ukaonekana kuwa ugonjwa kama magonjwa mengine. Jina halikuuponya UKIMWI, ila liliwafungulia mlango waliokuwa na dawa na ushauri.

Wapo watakaopinga kwamba wauaji hawaongozwi na ujinga bali na tamaa. Hoja hii ina uzito. Kesi nyingi za Kilifi zina mgogoro wa ardhi nyuma yake, na mwana anayetaka kuuza shamba la babaye hahitaji kamusi. Anachohitaji ni ukimya wa majirani, na ukimya huo huupata kwa neno moja tu. Majirani wale wale wakifahamu kuwa mzee ni mgonjwa, tamaa ya mwana itabaki uchi mbele ya kila mtu. Kwa hakika, Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1925 inamhesabu anayemsingizia mwenzake uchawi kuwa mkosaji. Lakini sheria hufuata baada ya kilio. Neno sahihi huweza kutangulia.

Isitoshe, ukosefu wa jina humwelemea pia anayemtunza mgonjwa. Mara nyingi huyu ni binti au mke wa mwana, ambaye hukesha akilinda mlango, hurudia jibu moja mara ishirini kwa siku, na huvumilia kuitwa mwizi na mtu aliyemlea. Hana likizo wala mshahara. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo kutoka kwa jamaa na serikali. Upande wa serikali, tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii umewalenga waliotimiza miaka 70 kwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo hununua unga. Hazimfundishi mtunzaji kwa nini mama mkwe hamtambui tena.

Makala haya basi yanapendekeza istilahi maradhi ya kufifia akili. Kitenzi fifia hutumika kwa nuru na rangi. Huonyesha jambo linalopungua polepole, na hakina tusi ndani yake. Iwapo pana istilahi bora, na iletwe mezani, ijadiliwe na kupigwa msasa. La muhimu ni kwamba idara za Kiswahili zikae pamoja na vyuo vya tiba, neno likubaliwe, kisha litiwe katika vijitabu vya zahanati, vipindi vya redio na mafunzo ya wahudumu wa afya wa nyanjani. Wanafunzi wanaotoka Kisii, Kilifi na Kwale wanaweza kulichunguza katika tasnifu zao, wakianza na jinsi lugha zao za kwanza zinavyoielezea hali hii. Kazi ya kuunda istilahi mara nyingi huonekana kuwa mchezo wa wasomi vyumbani. Katika suala hili, kuna bibi kikongwe ambaye uhai wake unategemea neno atakaloitwa na majirani atakapopotea njia usiku.