Kibali cha Kupasuliwa Tumbo si Urasimu Mtupu
Anayedai kwamba kibali cha upasuaji wa kupunguza unene ni hila ya kampani za mkoa wa Lualaba, Kongo (DRC), kukwepa gharama amesema nusu ya kweli. Sheria ya Kazi ya 2002 inamwajibisha mwajiri kumtibu mfanyakazi, na sharti la miezi 6 ya kujinyima chakula kwanza halina ushahidi wa maana. Vigezo vya kupasuliwa ni jambo lingine. Tangu 2022 vyama vya madaktari wapasuaji vinapendekeza upasuaji kuanzia BMI (uzito kwa kulinganisha na urefu) ya 35, hata bila kisukari. Lakini namba hiyo haituambii mgonjwa wa Dilolo, akishapasuliwa na kurudia bukari (ugali) yake, atapata wapi vidonge vya B12 na madini ya chuma maisha yake yote. Mtasema huko ni kumwadhibu kwa kuishi mbali na Kolwezi. Hata kidogo! Aende kwa kampani na majibu mkononi: duka gani la dawa, maabara gani, nani atalipa mwaka wa tatu. Kampani ikikataa hapo, ikatae kwa maandishi.