Bei ya Kigango

Ziko nchi ambako mzee aliyekwisha kufa hupimwa kwa dola. Twasema hivi kwa sababu ya vigango, nguzo za ukumbusho wachongazo Wagiriama na jamaa zao wa Kimijikenda katika pwani ya Kenya.

Kigango huchongwa katika mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, nacho husimikwa kwa ajili ya mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, ili koma yake ipate makao. Kikisha kusimikwa hakiondolewi. Jamaa wakihama, chabaki pale pale, jua na mvua vikile mpaka kiishe.

Sasa mtazameni mfanya biashara wa ng'ambo anavyokikadiria. Hutafuta ufa, rangi iliyopauka, upande uliolika kwa mvua. Kadiri kilivyochakaa ndivyo bei ipandavyo, kwa kuwa uchakavu ni ushahidi kwamba kilisimama kweli, hakikuchongwa jana kwa watalii. Lakini alama hiyo hiyo yashuhudia kwamba kimeng'olewa mahali pake! Husema tena kuwa ni adimu. Uadimu huo ameuleta nani?

Mwaka 1985 mzee mmoja wa Kigiriama alipigwa picha na mtaalamu kutoka Marekani, kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Baadaye vikaibwa. Kimoja kilionekana katika makumbusho ya jimbo la Illinois, kikarudishwa kwa jamaa mwaka 2007. Cha pili, kilichokuwa Chuo Kikuu cha Hampton, nacho kikarejeshwa. Picha ndiyo iliyoviokoa. Vile 30 vilivyorudishwa na makumbusho ya Denver mwaka 2019 havikuwa na bahati hiyo: bei yake ilijulikana, mji wake haukujulikana.

Wala tusijifiche nyuma ya mgeni. Mwenye kung'oa mara nyingi ni kijana wetu asiye na kazi, apewaye shilingi chache usiku. Kijana huyo apatiwe kazi, na aliyemtuma ashitakiwe.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yataka kibali kabla ya mali ya kale kutolewa nchini. Basi twawaomba wenzetu makuli na makarani wa forodha: sanduku likiandikwa "vinyago", na ndani mkaona nguzo ndefu iliyopauka, yenye udongo mguuni, lizuieni mpaka mwenyewe aseme ameitoa mji wa nani.