AFYA YETU: Kisima na choo visiwe majirani



Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitufundisha kuchimba vyoo. Vyoo vikachimbwa kwa wingi. Leo tuulizane jambo moja: choo chako kiko umbali gani na kisima?

Hapa Igalula, kama sehemu nyingi za Tabora, udongo ni wa kichanga. Maji hupenya upesi. Maji ya chooni nayo hupenya. Ndani yake mna vijidudu vya maradhi, na pia mna kaboni na naitrojeni.

Kaboni ni chakula cha vijidudu. Vikiila, hutumia oksijeni iliyomo majini. Kwa hiyo wapimaji hutia maji machafu katika chupa na kupima oksijeni yake. Hufunga chupa, huiweka gizani siku 5, kisha hupima tena. Oksijeni ikipungua sana, uchafu ni mwingi.

Naitrojeni ndiyo inayofanya samadi istawishe mahindi. Shambani ni rafiki, kisimani ni adui. Udongoni hugeuka kuwa naitreti. Naitreti haina rangi wala harufu. Huyeyuka katika maji na kwenda nayo mpaka kisimani.

Kuchemsha maji ni lazima, maana huua vijidudu. Lakini kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji hupungua sufuriani, naitreti hubaki.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo: miligramu 50 za naitreti katika lita 1 ya maji. Ikizidi, mtoto mchanga yumo hatarini, hasa anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni vizuri. Midomo hugeuka rangi ya bluu. Ukiona hivyo, mkimbize hospitali. Mama, mpe mtoto maziwa yako tu mpaka atimize miezi 6.

Basi tufanye haya:

1. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Hizo ni kama hatua 40 za mtu mzima.
2. Choo kiwe upande wa chini wa mteremko, kisima upande wa juu.
3. Shimo la choo lisifikie maji. Kumbuka, wakati wa mvua maji ya ardhini hupanda.
4. Zizi na lundo la samadi navyo viwe mbali na kisima.
5. Viongozi wa kijiji waombe RUWASA ipime maji ya kisima.

Leo jioni hesabu hatua kutoka kisimani mpaka choo chako. Kisha hesabu mpaka choo cha jirani. Je, zimefika 40?