Mashimo ya Gofu na Shimo la Buzwagi

Kwetu Kahama neno "shimo" halihitaji ufafanuzi. Shimo limetuletea fedha, vumbi na migogoro ya ardhi. Kwa mcheza gofu, shimo ni tundu lenye kipenyo cha sentimita 10.8 katikati ya majani yaliyokatwa vizuri. Nayaweka mashimo haya mawili pamoja kwa sababu hoja inayoyatetea ni moja: mwekezaji apewe ardhi, mwananchi asubiri ajira.

Wapo wanaotuhimiza tuukimbilie utalii wa gofu, na mfano wao ni Morisi, kisiwa kilichozaliwa na volkano. Huko Bel Ombre, pwani ya kusini, ardhi iliyokuwa ya miwa imekuwa uwanja wa mashimo 18, milima upande mmoja na bahari upande wa pili. Mwaka 2015 mashindano ya wazi ya Morisi yalichezwa hapo. Uzuri wake siubishii.

Lakini wasifiaji husimulia nusu ya habari. Ukanda wa pwani ya Morisi, uitwao Pas Géométriques, una sheria yake tangu mwaka 1895, na ufukwe ni mali ya umma. Hata hivyo wananchi wamelazimika kuunda makundi kama Aret Kokin Nu Laplaz kuzitetea fukwe zisimegwe na hoteli. Ikiwa wenye sheria ya zaidi ya karne moja bado wanahangaika, sisi tunaotia saini kwanza na kuuliza baadaye tutasalimika vipi?

Wala hatuhitaji kuvuka bahari. Mwadui, ambako Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ulijengwa mji wa kampuni ndani ya uzio, na uwanja wa gofu ukiwemo. Uzio ndio ulioamua nani aingie na nani apite mbali.

Nitajibiwa kwamba nauchukia mchezo wa matajiri. La hasha. Wapo Watanzania mahiri wa gofu walioanza kwa kubeba mifuko ya fimbo za wengine. Mchezo hauna kosa. Kosa liko katika mkataba unaomtaka kijana abebe mfuko maisha yake yote.

Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021, na eneo lake likatangazwa kuwa la uwekezaji maalumu wa kiuchumi. Iwe kiwanda, iwe hoteli, iwe gofu, sisi wa Nyasubi na kata jirani tudai masharti yaleyale. Kwanza, njia za watu na mifugo zibaki wazi. Pili, maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele yafike kwanza kwenye ndoo za kina mama. Bustani za anasa zinyweshewe maji taka yaliyosafishwa. Tatu, mkataba usomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa hadhara kabla ya kutiwa saini, si baada ya uzio kusimama.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema: mgeni njoo, mwenyeji apishe.