MNAVU WETU USOMWE

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Wanafunzi wenzangu, mbona tunaona haya kuitwa wala mnavu?

Likizo ya Aprili nilinunua mbegu za mnavu sokoni nikazipanda katika shamba la nyanya. Mimea ilipokua, mingine ilikuwa na majani mapana, mingine majani madogo machungu. Nyanya alitazama tu akasema, "Mjukuu wangu, umeuziwa mchanganyiko." Wanunuzi walikataa ile michungu na msimu ukaenda hivyo. Nyanya anajua jani, lakini mbegu hata yeye ilimpiga chenga.

Hapo ndipo sayansi inapoingia. Ndani ya jani mna kloroplasti, vile vyumba vya kijani vinavyopika chakula cha mmea kwa mwanga wa jua. Kloroplasti ina DNA yake yenyewe, ambayo katika mimea mingi itoayo maua hurithiwa kwa mama. Mwaka wa 1986 wataalamu wa Japani walisoma ile ya tumbaku yote, herufi karibu 156,000. Mwaka wa 2009 ikakubaliwa kutambua mimea kwa vipande viwili vya DNA hiyo, rbcL na matK. Lakini kwa ndugu wa karibu kama aina za mnavu, vipande viwili mara nyingi havitoshi. Heri isomwe yote.

Rafiki yangu hunicheka, "Wewe, watu wana njaa nawe unataka kusoma majani!" Namjibu kwamba njaa ndiyo inayonisemesha. Mkulima aliyeuziwa mbegu siyo amepoteza msimu mzima, na anayetafuta dawa ya tumbo aweza kuuziwa unga wa jani lingine kabisa.

Hata hivyo, mashine peke yake haitoshi. Herufi zisizo na jina la mmea wala mahali ulipochumwa ni kama barua isiyo na anwani. Majina wanayo nyanya zetu: managu, rinagu, osuga.

Kwa hivyo naomba kila mwanachama wa chama chetu alete jani lililokaushwa, aandike jina lake kwa lugha ya mama na kijiji lilikotoka. Walimu wa Biolojia watuongoze. Tukikaa kitako, wageni watausoma mnavu wetu, nasi tutakuja kuununua ujuzi huo kwao. Kazi kwenu!